Chumba Kisichorudisha Sauti

Levolosi, Arusha
3 Agosti 1997

Dada Eunike,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na vumbi la mbao mpaka puani, kwa hiyo ukiona karatasi imechafuka usidhani nimeanza kunywa. Diana hajambo? Baba anaendeleaje?

Mashine ya kurekodi imefika. Nusu ya mtaa walikuja kuitazama, na mmoja akauliza kama inatoa na picha. Nimeiweka kwenye kile chumba cha nyuma. Nilipanga maikrofoni, nikamwita Hans, yule Mchagga fundi redio hapa jirani, aimbe kidogo tujaribu. Tuliporudisha kaseti tukamsikia mtu anaimba ndani ya tangi la maji. Hans akasimama katikati ya chumba, akapiga kofi moja. Kofi likagonga ukuta huu, likagonga na ule, likaturudia. Ukuta saruji, sakafu saruji, sauti haina pa kutua.

Dawa yake ni paneli. Unatengeneza fremu za mbao, ndani unajaza kitu laini kinene, mbele unavika gunia, halafu unazitundika ukuta mzima. Za kununua zinatoka Ulaya, hizo tusizungumzie. Nitatengeneza mwenyewe, ila sijui nijaze nini. Vijana wengine hapa mjini wanabandika trei za mayai. Nimejaribu, chumba kimekuwa kama banda la kuku na mwangwi uko palepale. Kuna kiwanda kimebinafsishwa, wanauza vitu vya chumba cha baridi, na kwenye kuta zake kuna ile pamba ya kioo ya njano. Nilichukua kiroba kimoja. Dada, nilijikuna mpaka kwenye kope! Sponji nene ni ya matajiri, na nyembamba haina kazi. Zimebaki sufi, katani na mablanketi ya mtumba.

Wewe uliwashonea watu magodoro miaka yote ile uliyokuwa kwa mumeo Ngaramtoni. Ungekuwa mimi ungejaza nini? Kwaya zinasubiri. Sehemu yangu ya shamba niliiuza kwa ajili ya mashine hii, na kaka Eliasi anaingoja kwa hamu siku nitakayorudi mlimani na nguo nilizovaa tu. Sitaki kumpa furaha hiyo.

Mdogo wako,
Abdiel


Akheri
15 Agosti 1997

Abdiel,

Marahaba. Barua nilimsomea Baba, nikaruka pale penye kunywa. Ametikisa kichwa tu kuhusu kuku na trei zao. Diana mzima, amepoteza jino la mbele na anajiona mama mzima.

Sufi sahau. Godoro linalala, paneli inasimama. Ukiisimamisha sufi, baada ya muda itashuka yote chini na juu utabaki na gunia tupu. Halafu panya. Katika ile nyumba ya Ngaramtoni walikuwa wanazaa ndani ya bidhaa, na aliyesemwa ni mimi, kana kwamba niliwaalika. Pamba ya kioo mrudishie mwenyewe, la sivyo waimbaji wako watakohoa badala ya kuimba. Katani ni ngumu. Nenda kwenye mitumba ukanunue mablanketi mazito, yale ya manyoya ya kondoo, siyo ya nailoni. Yakunje mara nne, uyashone kwa sindano ya godoro na kufunga vifundo kila baada ya shubiri moja. Hayo hayashuki.

Sasa nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Chumba kikishajazwa, mtu aliye nje anasikia yanayosemwa ndani?

Nina sababu. Tangu nirudi nyumbani na Diana, Eliasi hajaacha kusema kwamba siku Baba akifumba macho nitarudi kwa mume wangu. Anajua fika kwamba mume wangu ana mke mwingine kitandani. Baba ameamua nyumba na migomba na ile kahawa iliyobaki vibaki kwangu. Aliniambia tukiwa wawili tu, jikoni. Alisema, “Nikimpa Eliasi, atauza mpaka kaburi langu.” Akalia, Abdiel. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata siku tulipomzika Mama.

Karatasi haitaki. Unamkumbuka yule mzee wa kule chini ambaye siku ya mazishi walimkuta na wino kwenye dole gumba? Tangu siku hiyo Baba anasema karatasi ni ya mwenye kalamu. Anataka sauti yake mwenyewe, kwa Kimeru, kwenye kaseti. Mchungaji aitunze na kuifungua siku ya mazishi mbele ya ukoo. Sauti yake hakuna atakayeikana. Lakini mpaka siku hiyo Eliasi asijue, maana akijua sasa hatatuacha tulale. Na hapa nyumbani haiwezekani. Eliasi tumetenganishwa naye na ua tu, na Baba na masikio yale mazito, akikunong'oneza siri wanaitikia ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo nijibu. Mimi na mwanangu hatuna paa lingine.

Eunike


Levolosi
30 Agosti 1997

Dada Eunike,

Shikamoo. Fundi wa magodoro, ubarikiwe! Nilifanya ulivyosema. Nilinunua mablanketi mazito ya kijivu, yana alama za jeshi la nchi gani sijui, na yananuka dawa ya nondo. Nimeshona vifundo mpaka vidole vimevimba. Mbele nimevika magunia ya kahawa. Ingia uone. Hans alipiga kofi lake, na kofi likafia hapohapo mkononi. Ukiongea unahisi maneno yanaanguka chini ya kidevu chako. Mwanakwaya mmoja alitoka nje kuhakikisha hajawa kiziwi.

Habari ya Baba imenigusa. Mlete. Mimi na Eliasi hatujasemeshana tangu niuze shamba, kwa hiyo kwangu neno haliendi popote. Na kama unawaza kwamba nitaona wivu, usiwaze. Fungu langu nilishalila, linakaa hapa mezani na vitufe vyake.

Kuhusu watu wa nje, ondoa shaka. Hans ana maneno yake. Anasema paneli ni za kumaliza mwangwi wa ndani, na kwamba kuizuia sauti isitoke ni kazi nyingine, mpaka nipande na juu darini. Lakini Hans ukimwonyesha ng'ombe mnono atakuuliza habari za kwato. Mablanketi yameisha, mbao zimeisha, na kwaya ya kwanza inaingia wiki ijayo. Chumba ni kimya kama kaburi. Wewe leta mzee.

Abdiel


Akheri
9 Septemba 1997

Abdiel,

Usinichanganyie habari za ng'ombe. Hans amesema nini hasa kuhusu dari?

Sikuulizi kwa ubishi. Kila siku nachota maji na mke wa Eliasi, nachuma kahawa naye, namtazama usoni huku nimebeba jambo hili. Nimechoka kuogopa. Fanya hivi: mtume mtu akae kwa yule jirani yako wa ukuta mmoja, Violet, anayeuza ndizi. Wewe ingia ndani, funga mlango, usome Biblia kwa sauti ya Baba. Sauti ya Baba, siyo yako. Kisha uniandikie alichosikia.

Baba tumepanga ashuke kwa kisingizio cha macho, kwamba nampeleka kwa daktari. Sitamwambia tarehe mpaka unijibu.

Eunike


Levolosi
17 Septemba 1997

Dada,

Shikamoo. Nimejaribu kama ulivyosema. Hakusikia kitu. Na hata kingesikika, Baba atasema Kimeru, na Violet ni mtu wa Moshi, atajua nini? Njooni.

Kwaya ya kwanza imerekodi nyimbo zote na wameniletea kwaya nyingine. Nimeanza kulala usingizi wa watu, dada.

Abdiel


Akheri
6 Oktoba 1997

Abdiel mdogo wangu,

Tulifika salama. Mvua ilitukuta njiani na haijakatika mpaka leo. Wanasema kwenye redio itakuwa ya ajabu mwaka huu.

Sijui ulimfanyia nini Baba ndani ya chumba kile. Uliponituma sokoni na Diana nilikwenda, nikanunua chumvi ambayo hatukuihitaji. Nilipowakuta mmemaliza, Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chako amevua kofia, amechangamka kama kijana aliyetoka kubarikiwa kanisani. Njia nzima alikuwa ananisimulia. Anasema chumba kile kilimeza sauti yake, hakujisikia mwenyewe, ikabidi apaaze zaidi na zaidi. Kisha akasahau kama kuna mashine. Akasema yote. Kuhusu Mama, kuhusu Eliasi, kuhusu mimi. Hakunieleza aliyoyasema kuhusu mimi, ila alinishika mkono kutoka Tengeru mpaka tunashuka. Baba yetu huyu, Abdiel!

Kaseti ameikabidhi kwa Mchungaji mwenyewe Jumapili, imefungwa kwenye kitambaa. Mchungaji hakuuliza kitu.

Leo asubuhi nimepanda maharage nyuma ya nyumba. Nilipokuwa nayapanda nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza sijiulizi ni nani atakayeyavuna. Nakushukuru. Nilikusumbua na maswali yangu, unisamehe. Mtu aliyefukuzwa mara moja anakuwa na maswali mengi.

Dada yako,
Eunike


Akheri
11 Novemba 1997

Abdiel,

Eliasi anajua.

Jumamosi aliita wazee wa ukoo na mshili, mkuu wa ukoo wetu, akaongoza kikao. Sikuambiwa, nilishtukia mabenchi yanatolewa. Mvua ilikuwa inanyesha, wakaketi barazani kwetu. Eliasi akasimama mbele ya Baba akasema, “Nimesikia kwamba mimi nitauza mpaka kaburi lako.” Maneno yale yale, Abdiel, kwa Kimeru kile kile cha Baba. Akaeleza na ya kaseti, na nyumba kuachiwa binti aliyeolewa nje.

Mshili akamwuliza Baba mara mbili kama ni kweli. Wazee wanaomheshimu walikuwa wanamtazama kama mtoto aliyekojoa kanisani. Akasema si kweli. Akasema mbele ya wote kwamba nyumba na shamba ni vya Eliasi, mtoto wake wa kwanza, na kama kuna kaseti ni ya uzee na ichomwe. Kesho yake Mchungaji akairudisha. Eliasi aliitupa motoni mwenyewe.

Lakini si hilo linaloniua. Watu walipoondoka nilimpelekea Baba uji. Aliusukuma. Akasema, “Maneno yale niliyasema kwa mashine na kwako. Mashine haina mdomo.” Nikaapa. Nikapiga magoti, mimi mtu mzima. Akasema nilishindwa kunyamaza mbele ya wifi yangu, kwamba nilitaka kumringia. Tangu siku hiyo anakula kwa Eliasi. Akinipita uani hanitazami.

Nani ameisikia kaseti ile? Ulimpigia mtu? Ulibaki na nakala? Nijibu upesi.

Eunike


Levolosi
24 Novemba 1997

Dada Eunike,

Shikamoo. Nimesikitika mno. Sikubaki na nakala yoyote, naapa, na hakuna niliyempigia kaseti. Baba mwenyewe aliondoka nayo.

Labda ulimdokezea mtu bila kujua? Wanawake mkiwa kwenye kahawa maneno hutoka. Sikulaumu, nawaza tu. Au labda Baba mwenyewe alisema usingizini. Tulia, atapoa, unamjua Baba.

Mvua imenitesa, bati linapigwa siku nzima na siwezi kurekodi. Kuna kwaya kubwa ya mjini imeniahidi kazi ya Pasaka, hiyo ndiyo itakayonisimamisha. Ombeni kwa ajili yangu.

Abdiel


Akheri
15 Desemba 1997

Abdiel,

Nilikuwa Levolosi Alhamisi. Hukuniona. Nilikuwa kwa Violet.

Nilikwenda nikiwa na hasira naye, nikarudi sina. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniuliza mzee anaendeleaje kwa sauti ya mtu anayemfahamu. Violet ni mtu wa Moshi, ndiyo. Lakini aliolewa Poli, akakaa na mama mkwe wa Kimeru mpaka mumewe alipofariki. Anaongea Kimeru kuliko Diana wangu. Ulikaa naye ukuta mmoja na hukuwahi kumwuliza ametoka wapi.

Anasema siku ile alidhani ni redio. Kisha akasikia lugha, akaacha kumenya ndizi. Alimsikia Baba neno kwa neno, akalia kwa yale aliyoyasema kuhusu Mama na kuhusu mimi. Alifurahi kwa ajili yangu, Abdiel. Mke wa Eliasi huwa anamletea ndizi za kuuza, na alipokuja, Violet akampa hongera: mzee wenu ana moyo, amemkumbuka binti yake. Alijua tu kwamba ni mtu wa kwetu, hakujua anampa nani hongera, na alipododoswa akamrudishia maneno yote ya Baba, mpaka la kaburi na la kaseti. Nilipomweleza alifunika uso na kanga.

Nikiwa bado nimekaa pale, ukaingia studio na watu wa kwaya. Nikakusikia. Hukupitia ukutani, ulitokea juu, kwenye hadibodi ya dari, kana kwamba umekaa kwenye boriti. Ulimwambia mama mmoja, “Humu ndani hata ukilia, hakuna atakayejua.” Nilikusikia ukikohoa. Nilikusikia ukivuta kiti.

Uliniandikia kwamba umejaribu na hakusikia kitu. Ulimtuma nani? Niandikie jina lake.

Mimi siwezi kumweleza Baba. Nikisema mimi, ataona natupa kosa langu kwako. Lazima useme wewe. Njoo, au andika, nitamsomea. Eliasi amenipa mpaka baada ya Krismasi nitoke. Nyumba imeshakwenda, sidai nyumba. Nadai Baba anitazame.

Eunike


Levolosi
20 Januari 1998

Dada Eunike,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Shikamoo.

Sikumtuma mtu. Hakuna jina.

Hans alinionyesha tangu Agosti. Alipanda kwenye stuli, akasukuma hadibodi, akaniambia nitazame. Kuta za vyumba zinaishia pale pale kwenye dari, na juu yake ni uwazi mmoja tangu chumba cha kwanza mpaka cha mwisho, chini ya bati moja. Sauti inapanda, inatembea, inamshukia jirani. Alisema nipange mablanketi juu pia, tena mawili mawili, na hata hivyo asingeniahidi kitu. Sikuwa na mablanketi. Ningengoja mwezi mmoja ningeyapata. Lakini kwaya ilikuwa mlangoni, na nilishasema mjini kote kwamba chumba changu hakitoi sauti. Nikajiambia ni Kimeru, nani atajua. Siku ile Baba alipoanza kupaza sauti nilitazama juu. Nilimwona jinsi alivyokuwa anasema, dada, sikuweza kumkatiza.

Ulipoandika kwamba Eliasi anajua, nilijua saa ile ile. Nikakuandikia yale ya wanawake na kahawa. Naona aibu hata kuyarudia. Niliogopa habari ikifika kwenye makwaya hakuna atakayerekodi kwangu, kila kwaya inaogopa nyimbo zake kuibiwa kabla hazijatoka. Nilingoja mpaka watu wa Pasaka walipe. Walipolipa nikakuta bado naogopa.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Baba. Nimeandika yote, jina langu liko chini. Msomee Baba, na Diana akiwepo, aone kwamba si wewe. Akinilaani nimestahili.

Abdiel


Momela
12 Februari 1998

Abdiel,

Marahaba.

Utaona nimekuandikia kutoka Momela. Nimepata kazi ya jikoni kwenye kambi moja ya watalii huku, na tumepewa chumba mimi na Diana. Barabara imekatwa na mvua, watalii ni wachache, lakini wanatulisha. Diana analala mapema na anaogopa nyati. Shule iko mbali kidogo. Tutazoea.

Barua yako ilinifikia siku tatu kabla sijahama. Nilimfuata Baba na bahasha mkononi, alikuwa amekaa nyuma ya nyumba ya Eliasi peke yake. Alipoona bahasha akauliza, bila kunitazama, “Ya nani?” Nikasema ya Abdiel. Uso wake ukafunguka, mdogo wangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba. Akasogea kwenye benchi, nikapata nafasi ya kukaa. Akasema, “Huyo ndiye mtoto aliyenibakia.” Akasema kwa Eliasi anapewa chakula kama mbwa mzee, na amekuwa akifikiri ashuke kwako mjini, kama utamtaka. “Abdiel hajanidanganya hata siku moja.” Akaniambia, “Haya, soma.”

Nilikuwa nimeshaikunjua. Nilikuwa na maneno yako mbele ya macho yangu, yote mazuri, yote kweli, yenye kunisafisha. Nilikuwa nimeyaota miezi miwili.

Nikamwambia, “Anakusalimu. Anasema chumba chako kiko tayari.”

Usidhani nilifanya hivyo kwa kukupenda. Kuna siku nakuchukia mpaka nashindwa kukata kitunguu. Ungengoja mwezi mmoja tu. Ungeniandikia tu kwamba hukujaribu, ningemtafutia Baba mahali pengine, hata shambani katikati ya mahindi. Lakini nilimtazama pale kwenye benchi. Alilosema mbele ya wazee halirudi. Mimi nisingepata nyumba, ningepata jina langu tu. Na yeye angepoteza mtoto wa mwisho anayemwamini, akabaki kwa Eliasi mpaka afe. Nikaona jina langu naweza kuishi bila hilo. Yeye bila wewe hawezi.

Barua yake niliichoma jikoni kabla ya kufunga mizigo. Kwa hiyo hutaandika nyingine, na hutakuja kumwambia kwa mdomo ili ulale vizuri. Hilo nakukataza. Utamchukua kabla ya Pasaka. Utamsikiliza akikusifu kila asubuhi na utanyamaza. Dari yako itengeneze au usiitengeneze, sijali, ila kwenye chumba kile usimwingize tena.

Siku naondoka alikuwa amesimama kwenye migomba. Nilimuaga, akaitikia kama unavyomwitikia mpita njia. Diana akamkumbatia miguu, akamwacha amkumbatie.

Nina ombi moja. Atakapokuwa amezoea kwako, siku ambayo moyo wake uko chini, mtajie jina langu. Mwambie Eunike amekuandikia kuomba msamaha. Mwambie amekiri kwamba alimwambia wifi yake yale maneno, na kwamba anajuta. Sema hivyo hivyo, usiongeze la kwako. Mtu hawezi kumsamehe asiyekiri, na mimi sitaki afe bila kunisamehe.

Akisema amenisamehe, niandikie upesi.

Eunike